Asilimia 99.9 ya nini? Hotuba kuhusu ahadi za intaneti isiyokatika

Ndugu mwenyekiti, walimu wakuu, wenye stesheneri na maduka ya dawa, wahasibu, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Mmetuomba sisi tunaofunga laini za faiba na kuzitengeneza tuzungumzie matangazo ya intaneti ya uhakika, intaneti isiyokatika, upatikanaji wa asilimia 99.9. Nitasema mapema tunachokiamini. Namba hiyo haielezi laini yako. Ni sharti la fidia lililotungwa na muuzaji na kupimwa kwa kipimo cha muuzaji, mara nyingi kwenye mtambo ulio kilomita kadhaa kutoka mlangoni kwako. Mwenye duka anayejibana ili alipie kifurushi cha biashara kwa sababu ya namba hiyo anauziwa kitu ambacho hajaonyeshwa, na jambo hilo linatuuma.

Tuanze na hesabu, kwa sababu haihitaji utaalamu. Mwezi wa siku 30 una saa 720, yaani dakika 43,200. Asilimia 99.9 inaruhusu laini ikatike kwa dakika 43 na sekunde 12 kila mwezi na ahadi ikabaki imetimizwa. Asilimia 99.5 inaruhusu saa 3 na dakika 36. Asilimia 99, ambayo kwa mtihani wa shule ungeshangilia, inaruhusu saa 7 na dakika 12 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya siku tatu na nusu. Halafu angalieni kipindi cha kupimia. Mkataba ukisema 99.9 inahesabiwa kwa mwaka mzima, mtoa huduma ana saa 8 na dakika 45 mkononi, na hakuna kinachomzuia kuzimaliza zote kwa siku moja. Siku hiyo ikiwa ndiyo ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT, laini ikazimika saa mbili kamili asubuhi na kurudi saa kumi na dakika arobaini na tano jioni, kwenye karatasi amekidhi ahadi yake ya mwaka.

Sasa swali zito zaidi: kinachopimwa ni kipande gani? Kutoka mezani kwako hadi ukurasa unaoufungua kuna modemu na ruta yako. Kuna waya mwembamba unaotoka nguzoni kuingia ndani. Kuna kebo ya mtaa na kisanduku cha spilita kinachogawa mwanga kwa wateja 32 au 64. Kuna mtambo unaowasha mwanga huo, ambao mafundi tunauita OLT. Kuna kituo chenye ruta kubwa, viyoyozi na betri. Kuna mkongo wa nchi kavu. Kuna mkongo wa baharini. Hivyo ni vipande saba vilivyofuatana, na kimoja kikifa vyote vimekufa. Kila kimoja kikiwa na upatikanaji wa 99.9, unazidisha 0.999 kwa yenyewe mara saba, unapata 99.3. Hizo ni saa 5 za kukosa huduma kila mwezi, na hakuna hata mmoja aliyedanganya kuhusu kipande chake.

Katika mikataba mingi, kitu kinachoitwa "mtandao wetu" kinaanzia kwenye ruta ya kituo na kuishia kwenye OLT. Ndivyo vipande vyenye betri, viyoyozi na mlinzi getini. Waya wa nguzoni kwako haumo, wala kebo ya mtaa, wala mkongo wa baharini. Kwa hiyo 99.9 inaweza kuwa kweli tupu ya sehemu isiyokatika, huku wewe unaishi na zile zinazokatika.

Niwaonyeshe kipande kimoja kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachowasumbua wengi na ndicho ambacho mteja anaweza kukikagua mwenyewe. Modemu ya faiba inapokea mwanga, na nguvu ya mwanga huo inaandikwa kwa dBm, kipimo cha desibeli, namba yenye alama ya kutoa. Mtambo wa kawaida wa GPON, mfumo wa faiba unaogawa mwanga kwa spilita, unatuma mwanga wenye nguvu kati ya +1.5 na +5. Tuseme unatoka na +3. Spilita ya njia 32 inakula kama desibeli 17.5. Kilomita 5 za faiba zinakula chini kidogo ya 2. Konekta nne, kila moja 0.3, zinakula 1.2. Viungo vilivyochomwa kwa mashine vinaongeza nusu desibeli. Mwanga unafika kwako ukiwa karibu na -18, na hiyo ni laini nzuri. Modemu ya daraja la B+ inaweza kusoma hadi -27. Baada ya hapo ni bahati.

Desibeli 3 zikipungua, nusu ya mwanga imepotea. Waya ukikunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, au ukibanwa na bawaba ya dirisha, unaweza kupoteza desibeli 5 au 6 papo hapo, na intaneti ikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo laini imeshuka hadi -24. Miezi miwili baadaye vumbi linaingia kwenye konekta ya kisanduku cha nguzoni, au kiungo kinapata unyevu wa masika, zinaondoka tatu nyingine, na sasa laini inaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Huduma kwa wateja watakwambia zima ruta, washa ruta. Ugonjwa ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeupima.

Ndiyo maana tunasisitiza: siku fundi anapofunga laini, asiondoke kabla ya kuandika kwenye fomu kiwango cha mwanga kilichosomwa kwenye modemu, tarehe, na sahihi yake. Kiwango hicho kinaonekana ndani ya ukurasa wa modemu yenyewe, kwa kawaida ukifungua anwani 192.168.1.1 au 192.168.100.1 na kutafuta sehemu ya PON au Optical, mstari wa Rx Power. Kampuni ikikunyima nenosiri la kuingia, mwambie fundi akufungulie uone. Kati ya -15 na -23, pokea. Kati ya -24 na -26, mwambie arudi kwenye konekta na mikunjo kabla hujatia sahihi. Chini ya hapo, kataa. Na kuna konekta za kijani na za buluu: za kijani zimekatwa kwa mshazari, za buluu ziko bapa, na fundi akiunganisha kijani na buluu ncha hazigusani sawasawa, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Hili tunalikuta mara nyingi mno kwa kazi za haraka. Jambo moja la usalama: msichungulie ndani ya ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini upo.

Taa za modemu nazo zina maneno yake. LOS ikiwaka nyekundu, hakuna mwanga unaoingia kabisa au umefifia kupita kiasi: tafuta waya uliokatika au kukunjwa, au mtambo uliozimika upande wa pili. LOS ikiwa imezimika lakini PON inamwekamweka bila kutulia, mwanga unafika ila modemu haijaandikishwa na mtambo. PON ikitulia na bado huna intaneti, waya wako ni mzima. Tatizo liko kituoni, kwenye akaunti yako, au mbele zaidi. Ukipiga simu ukiwa na maelezo hayo matatu, unaruka nusu saa ya maswali.

Umeme unastahili dakika zake. Kati ya modemu yako na OLT, mtandao wa GPON hauna kifaa chochote kinachohitaji umeme. Spilita ni kioo tu. Kwa hiyo mtaa ukiwa gizani, na modemu yako iko kwenye betri, laini inapaswa kuendelea. Ikiwa kila umeme wa mtaa unapokatika LOS yako inawaka nyekundu palepale ilhali modemu ina umeme, basi mtambo unaokuhudumia hauna betri inayofanya kazi, au kampuni imeweka kifaa cha kati kinachotegemea umeme wa mtaani. Huo ni ushahidi mzuri kuliko malalamiko kumi ya mdomo. Andikeni saa umeme ulipokatika na saa taa ilipobadilika.

Na kuhusu hizo UPS, yaani betri za akiba, ndogo za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya ruta, msidanganywe na maandishi ya kasha. Ikiandikwa mAh 10,000, namba hiyo ni ya betri ya ndani yenye volti 3.7, siyo ya volti 12 zinazotoka. Nguvu iliyomo ni kama saa-wati 37. Ondoa hasara ya kupandisha volti, inabaki 31 hivi. Modemu yenye Wi-Fi ikila wati 12, utapata saa mbili na nusu. Wanaotarajia mgao wa saa sita wanunue ipasavyo.

Tuje baharini. Mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kufanya kazi Julai 2009, wa EASSy mwaka 2010, na yote miwili inatua Dar es Salaam. Kwa miaka mingi watoa huduma wamewaambia wateja kwamba wananunua kwenye mikongo miwili tofauti, ya wamiliki tofauti, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy zilikatika siku moja, kwenye bahari ya Afrika Kusini upande wa kaskazini ya Durban. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska. Kwa upande wa kaskazini hapakuwa na nafuu, maana tangu Februari mwaka huohuo mikongo kadhaa, Seacom ikiwamo, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, mahali ambapo vita vilizuia meli ya ukarabati kufika upesi.

Wamiliki walikuwa wawili, lakini angalieni ramani. Mikongo yote miwili inatua mahali pamoja Afrika Kusini, Mtunzini, na inapita sakafu ileile ya bahari kwenda huko. Hapo ndipo hesabu nzuri ya laini mbili inapovunjika. Laini mbili zenye 99 kila moja, zisizohusiana kabisa, zinakupa 99.99, kwa sababu ni nadra zikatike kwa wakati mmoja: asilimia 1 ya asilimia 1, dakika 4 na ushee kwa mwezi. Zikipita shimo moja, nguzo moja au ghuba moja, kitu kimoja kinaziua zote na umerudi palepale pa 99. Kenya nayo iliona mwaka 2012, mwezi wa Februari, nanga ya meli ilipokata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Nanga, majembe ya barabarani, transfoma inayowaka moto nguzoni, lori refu linalonasa kwenye waya uliolegea: hivyo ndivyo vinavyokata intaneti yetu. Na karibu vyote vimeandikwa kwenye orodha ya vitu visivyohesabika.

Orodha hiyo isomwe kwanza, kabla hata ya bei. Kwa kawaida inaondoa matengenezo yaliyopangwa, kukatwa kwa kebo na watu wengine, kukatika kwa umeme, hali ya hewa, hitilafu za mikongo ya kampuni nyingine, na vifaa vilivyo kwa mteja. Toeni hizo, mjiulize kimebaki nini. Inabaki ruta ya kituo kuganda na makosa ya mfanyakazi wa zamu. Ahadi ya 99.9 juu ya mambo hayo peke yake ni rahisi kuitimiza, na wala hatumlaumu anayeitimiza. Tunamlaumu aliyeiweka kwenye bango bila orodha.

Kuna na maana ya kukatika kwenyewe. Mikataba mingi inaita kukatika pale tu ambapo hakuna kitu kinachopita kabisa. Laini inayopoteza pakiti, yaani vipande vya data, 5 kwa kila 100 haijakatika kwa maana hiyo, ingawa simu ya WhatsApp itakuwa inasikika vipande vipande na mashine ya malipo itakuwa inarudia rudia. Laini ya Mbps 40 inayoshuka hadi Mbps 2 kila saa mbili usiku haijakatika pia. Kinachotokea hapo ni foleni. GPON inashusha Mbps 2,488 kwa spilita nzima. Kwa wateja 32 ni kama Mbps 77 kila mmoja, na ni nadra wote kutumia pamoja, kwa hiyo mtaani kwa kawaida hapabani. Panapobana ni nyuma ya OLT. Mtambo wenye milango 16 ya wateja 32 una wateja 512. Ukiunganishwa na kituo kwa njia moja ya Gbps 10, mgawo wa kila mmoja ni chini ya Mbps 20. Hakuna bango linaloandika hilo.

Uingereza walilazimika kuliwekea jambo hili kanuni. Tangu Mei 2018, kasi inayotangazwa kwa wateja wa nyumbani lazima iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Na tangu Aprili 2019, chini ya mpango wa Ofcom, mdhibiti wao wa mawasiliano, kampuni zilizojiunga zinalipa fidia bila mteja kuomba: laini isiporudishwa ndani ya siku mbili kamili za kazi, ilianza kwa pauni 8 kwa kila siku inayofuata, na pauni 25 fundi asipotokea kwenye miadi. Tazameni walichokipima. Hawakupima asilimia ya mtandao wa kampuni. Walipima siku ambazo laini ya mteja huyu imekufa. Marekani, kampuni kubwa zinatakiwa tangu Aprili 2024 kuonyesha lebo yenye bei, kasi ya kawaida na ucheleweshaji. Uthabiti wa laini haumo hata kwenye lebo hiyo.

Kwetu, fidia huwa ya namna hii. Chukueni kifurushi cha Sh 150,000 kwa mwezi. Siku moja ni Sh 5,000, saa moja ni Sh 208. Laini ikifa kwa muda wa saa 10 za kazi, fidia inayohesabiwa kwa saa ni Sh 2,080 hivi, inaingizwa kwenye bili ya mwezi unaofuata, tena kama uliomba kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Mikataba mingine inahesabu siku kamili tu: saa 23 ni sifuri. Stesheneri iliyofunga mlango siku nzima kwa sababu wateja wake wanahitaji kujaza fomu za mtandaoni haitarudishiwa hata hela ya karatasi. Kwa hiyo kifungu cha fidia si cha kupigania sana. Cha kupigania ni kifungu cha kuondoka.

Kwa mkataba wa biashara, ambao unaweza kujadiliwa, ombeni maneno ya aina hii yaingizwe: "Laini ikikatika mara tatu au zaidi ndani ya siku 30, kila mara kwa zaidi ya saa 4, kwa kipimo cha kwenye modemu ya mteja na bila kujali chanzo, mteja anaweza kuvunja mkataba bila faini na kurudishiwa ada ya siku zilizobaki." Muuzaji atakubali maneno mengi kabla ya kukubali "bila kujali chanzo". Hapo mtajua anavyoiamini laini yake. Kwa vifurushi vya nyumbani fomu imeshachapishwa na haibadiliki; dawa yake ni kukataa kufungwa miezi 24 kwa sababu ya modemu ya bure. Lipieni modemu, mlipe mwezi kwa mwezi.

Ombeni pia kujua muda wa kurekebisha unaanza kuhesabiwa lini. Karibu kila mara unaanza ulipotoa taarifa, siyo laini ilipokufa. Laini ikifa saa nane usiku na ukapiga simu saa tatu asubuhi, saa saba zimeshapotea kwenye hesabu. Na unaisha pale tiketi inapofungwa, hata kama aliyeifunga alikupigia mara moja hukupokea. Chukueni namba ya tiketi kila mara, na ikifungwa kabla laini haijarudi, fungueni nyingine inayoitaja ya kwanza.

Kupima wenyewe hakuna gharama kubwa. Inatosha kompyuta moja ya zamani iliyounganishwa na ruta kwa waya, siyo kwa Wi-Fi, maana malalamiko mengi tunayoitiwa ni ya Wi-Fi iliyobanwa na za majirani, na kampuni ikilithibitisha hilo kesi yako imekufa. Iwekeni kompyuta hiyo kwenye UPS pamoja na modemu. Kila sekunde 30 itume ping, yaani ujumbe mfupi unaosubiri jibu, kwenye sehemu tatu na kuandika jibu pamoja na saa. Ya kwanza ni ruta yako. Ya pili ni kifaa cha kwanza cha mtoa huduma, ambacho utakipata kwa amri ya tracert au traceroute, ni mstari unaofuata baada ya ruta yako. Hakikisha kwanza kinajibu ping siku laini ikiwa nzima, kwa sababu vingine vimewekwa visijibu. Ya tatu iwe nje, kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8, na ni bora zote mbili. Yakikosekana majibu matatu mfululizo, hesabu kwamba imekatika.

Kusoma matokeo ni rahisi. Ruta ikikosa kujibu, tatizo ni lako. Ruta ikijibu na kifaa cha mtoa huduma kikakaa kimya, tatizo ni waya, mwanga au kituo. Hapo nenda kaangalie taa. Vyote viwili vikijibu na nje kukawa kimya, tatizo ni mkongo au njia za kampuni. Vyote vikijibu na bado kurasa hazifunguki, tazama DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: weka 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya ruta ujaribu tena. Siku mkongo wa baharini ukikatika mtaona jambo la ajabu: video za YouTube zinaendelea na tovuti nyingine hazifunguki. Sababu ni kwamba video nyingi zimehifadhiwa kwenye seva zilizomo humu nchini. Hiyohiyo ndiyo sababu ya kutokuamini kipimo cha kasi kinachopima hadi seva ya mtoa huduma wako mwenyewe. Chagueni seva iliyo nje ya mtandao wake.

Kuna dosari ndogo inayoharibu ushahidi mwingi. Saa ya kompyuta ijiweke yenyewe kupitia intaneti, na muandike kwa mtindo wa saa 24: 22:00, siyo saa nne. Kumbukumbu za mitambo mara nyingi ziko kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tukio lako la 22:00 kwao ni 19:00. Wakikuambia hawaoni kitu saa nne usiku, waambie watazame 19:00 UTC.

Kwa wanaotaka laini ya pili, maswali ni matatu: inapita nguzo gani, inaingia kituo gani, inatoka nchini kwa mkongo gani. Kubadilisha jina la kampuni bila kubadilisha majibu hayo ni kulipa mara mbili kwa laini moja. Faiba na laini ya simu ni mseto mzuri kwa biashara ndogo, lakini mnara wa simu nao unalishwa kwa faiba, na huenda ni kebo ileile ya barabara yenu. Waulizeni. Laini ya setilaiti haipiti barabarani hata kidogo, ila inataka umeme mwingi zaidi ya modemu, na mahesabu ya betri yanabadilika.

Ruta ya njia mbili nayo huwafelisha wengi siku ya haja. Zilizowekwa kizembe zinahamia laini ya pili pale tu mlango wa kwanza unapokufa. Modemu ya faiba ikiwa na umeme, mlango huo unabaki hai hata kama faiba imekatwa, kwa hiyo ruta inadhani mambo ni sawa na inaendelea kutuma kwenye shimo. Iwekeni ikague kwa ping kitu kilicho nje, siyo modemu. Kuijaribu, wekeni swichi ndogo kati ya modemu na ruta, kisha chomoeni waya upande wa modemu. Mlango wa ruta unabaki na taa, intaneti haipo. Ikihama ndani ya dakika moja, imewekwa vizuri. Fanyeni hivyo kila mwezi, siku isiyo na kazi nyingi.

Mkiwa na kumbukumbu za siku 30, fomu ya kiwango cha mwanga, namba za tiketi na nakala ya tangazo lenyewe, pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma kwanza, maana bila hatua hiyo hamtasikilizwa mbele. Asipojibu au akijibu vibaya, nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA-CCC, litawasaidia kuandaa. Wenzetu wa Kenya wanakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, wakiwa na kanuni za ulinzi wa mlaji za mwaka 2010. Na tangazo likiwa limepotosha, siyo laini tu kukatika, hilo kwetu Tanzania ni suala la Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na mlango wake ni Tume ya Ushindani. Picha ya bango ipigeni siku ya kununua. Mabango hubadilishwa.

Waliokuja na mikataba yao wabaki tuisome kifungu kwa kifungu, tukianza na orodha ya vitu visivyohesabika.